Wakili Kabla ya Joho

Neno wakili, kabla halijavikwa joho jeusi na kuingizwa katika mahakama za Kiingereza, lilikuwa na maana pana zaidi pwani kwetu: ndiye mtu aliyekabidhiwa amana ya kunena kwa niaba ya mwenziwe, akapokea nikaha ya bwana harusi aliye safarini, au akasimama mbele ya kadhi kudai matunzo na mirathi ya mwanamke aliyestahi kutoka nyumbani. Unguja, zama za Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, walikuwapo makadhi wa Kiibadhi na wa Kisunni, na kabla wakili hajafungua kinywa ilipasa uwakala wake uthibitike kwa mashahidi, kwani kumsemea mtu asiyekutuma ni kumdhulumu.

Katika jinai mambo yalikuwa mazito zaidi. Tanganyika, sheria ya mahakama za wenyeji ya 1929 iliwafungia mawakili mlango, hata mtu aliyeshitakiwa kwa wizi wa ng'ombe akasimama peke yake, kofia mkononi, akijitetea kwa ulimi wake mwenyewe. Nami naiona hiyo kuwa dhulma iliyo dhahiri, maana kifungo hakikupunguzwa kwa sababu mshitakiwa hakuwa na msemaji.

Lakini ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu wa pwani zilibaki katika mahakama za kadhi. Na Oktoba 1963, Jomo Kenyatta, waziri mkuu wa Kenya, na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, walipoandikiana juu ya ukanda wa pwani ya Kenya, hifadhi ya mahakama hizo ilitiwa katika barua zao.