Luzira: Lori lipi lafaa kuvuta tela kubwa?

Barabara ya Port Bell, inayounganisha bandari ya Luzira na Nakawa jijini Kampala, hupitiwa na malori yenye matela marefu. Mtu anayetaka kununua kichwa cha lori la namna hiyo kwa kawaida huuliza kwanza nguvu ya injini. Hilo si swali la kwanza. Injini kubwa yaweza kuling'oa tela lililojaa kutoka gatini, kisha lori likazuiwa kwenye mizani.

Tela lisilo na magurudumu ya mbele huegemea kichwa. Sehemu ya uzito wake hukaa juu ya sahani ya kuungia na kushukia ekseli za nyuma za kichwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari, ya mwaka 2016, imeweka kikomo: tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja ya nyuma ya kichwa yenye tairi nne, tani 18 kwa ekseli mbili zinazofuatana na tani 24 kwa tatu.

Kwa hiyo, tela la ekseli tatu likifungwa kwenye kichwa chenye ekseli moja nyuma, uzito wote usizidi tani 42. Kichwa kikiwa na ekseli mbili nyuma, kikomo ni tani 50. Iwapo kichwa hicho na tela tupu vina tani 16, mzigo halali ni tani 34. Kiwango cha mtengenezaji, kilichoandikwa kwenye kibati cha gari, kikiwa chini ya hapo, hicho ndicho kifuatwe.

Aina ya mzigo nayo ina neno lake. Kreti tupu zinazorudishwa kwenye kiwanda cha bia cha Luzira hujaza tela kabla ya kulilemea. Saruji hulilemea kabla ya kulijaza. Saruji hiyo ikirundikwa mbele, ekseli za kichwa huzidiwa hata kama jumla ni halali.

Lililo zito zaidi ni kusimama. Breki za tela zikiwa dhaifu, tela hukisukuma kichwa kwenye mteremko, na lori zima laweza kujikunja katikati ya barabara. Kichwa kilichotumika kikaguliwe mfumo wa upepo wa breki na mabomba yanayoupeleka kwenye tela, pamoja na kulegea kwa sahani inaposhika pini.