Majina Manne ya Kitu Kimoja: Anilini, Azo na Kumbukumbu ya Istilahi

Aghalabu istilahi ya sayansi huchukuliwa kuwa ni kibandiko tu, kisicho na nasaba. Historia ya amini na rangi za azo yaikanusha dhana hiyo.

Mwaka 1826 mkemia Mjerumani Otto Unverdorben aliichoma nili kwa joto kali, akakusanya mvuke wake na kupata mafuta ambayo, yakitiwa asidi, hufanya fuwele. Akayaita Krystallin. Mwaka 1834 Friedlieb Runge alipata katika lami ya makaa ya mawe kitu kilichotoa rangi ya buluu, akakiita Kyanol, kutokana na neno la Kigiriki la rangi hiyo. Mwaka 1840 Carl Julius Fritzsche aliirudia nili, akaja na jina Anilin. Mwaka 1842 Nikolai Zinin, huko Kazan, alitengeneza Benzidam kutokana na nitrobenzini. Hatimaye, mwaka 1843, August Wilhelm Hofmann alithibitisha kwamba vitu hivyo vinne ni kimoja: amini, yaani amonia ambayo atomu yake moja ya haidrojeni imepisha pete ya benzini.

Jina lililosalia ni la Fritzsche. Asili yake ni neno la Kireno anil, lililotokana na Kiarabu an-nil, ambamo kibainishi al- kimesilimishwa na n inayokifuata. Nyuma ya Kiarabu kuna Kiajemi nil, na nyuma yake Kisanskriti nila. Kiswahili nacho kina nili, neno lilelile, ila halikubeba kibainishi. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anayekutana na anilini hakutani na mgeni, bali na jamaa aliyepitia njia ya Ulaya.

Azo ina nasaba nyingine. Mwaka 1787 Lavoisier na wenzake waliiita naitrojeni azote, kwa maana ya “bila uhai”, kwa kuwa mnyama hawezi kuishi ndani ya gesi hiyo peke yake. Mwaka 1858 Peter Griess aligundua kampaundi za diazo, zitokanazo na amini kama anilini zikitiwa asidi ya naitrasi katika baridi. Kampaundi hizo zikiunganishwa na amini nyingine au fenoli, atomu mbili za naitrojeni huwa daraja baina ya pete mbili, na rangi hutokea.

Paul Böttiger alitengeneza rangi ya azo iliyoshika pamba bila ya dawa ya kushikiza. Ilipouzwa mwaka 1885 iliitwa nyekundu ya Kongo. Haikutoka Kongo hata chembe. Jina hilo lilivuma kwa sababu ya Mkutano wa Berlin wa 1884–1885. Wala halikutaja benzidini, amini iliyokuwa kiini cha rangi hiyo, ambayo baadaye ilithibitika kusababisha saratani ya kibofu cha mkojo. Mwaka 1895 daktari Ludwig Rehn wa Frankfurt alikwisha kueleza uvimbe wa kibofu miongoni mwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi.

Anilini huhifadhi asili yake. Nyekundu ya Kongo huificha. Mwundaji wa istilahi za Kiswahili anayetohoa sauti pekee, pasipo kuuliza jina linasema nini na linanyamazia nini, ameifanya nusu ya kazi yake.