Chumba cha mbele

Najua nimekuwa kimya wiki mbili nzima, na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimebanwa na semina au nimebanwa na mtu. Ni semina. Ila kuna na jambo la nyumbani limenikaa kichwani, na kwa kuwa linahusu historia, na mimi hapa DUCE nasomea ualimu wa Historia na Kiswahili, nimeona bora niliandike kuliko kumchosha mwenzangu wa chumbani kila usiku taa zikizimwa.

Bibi yangu mzaa mama ana nyumba Temeke, si mbali na hapa Chang'ombe. Nyumba ya kawaida kabisa, mmeziona nyingi. Mwezi uliopita mjomba alitangaza kwamba chumba cha mbele upande wa kulia, ambacho bibi analala, kitobolewe ukuta kiwe fremu. Dalali alikuwa ameshaleta mtu anayetaka kuuza vifaa vya simu, kodi ya mwaka mkononi. Bibi atahamia chumba cha nyuma, karibu na uani. Na sasa sehemu inayoniuma: kipande cha kodi hiyo ndicho kitakachomalizia ada yangu, maana bumu ninalopata halifiki. Kwa hiyo ukuta wa bibi unavunjwa na mimi nimo ndani yake.

Nikasema hapana, nitaitetea ile nyumba. Nikaenda maktaba kutafuta silaha za kumpelekea mjomba: urithi, utamaduni, usanifu wa Kiswahili na maneno mengine makubwa kama hayo. Nimerudi na kitu tofauti kidogo.

Tuanze na nyumba yenyewe. Mlango wa mbele uko katikati. Ukiingia unakuta ukumbi mrefu, wengine siku hizi wanauita korido, unaopita moja kwa moja mpaka mlango wa nyuma. Vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto. Nyuma kuna uani, kwenye jiko, choo na bafu. Mbele kuna kibaraza. Basi, hiyo ndiyo nyumba ya vyumba sita, na ukitembea Temeke, Ilala, Magomeni, Kinondoni, Buguruni, utaikuta hiyo hiyo, kama vile mafundi wote walikariri somo moja. Mimi nimekua nikidhani imejengwa hivyo ili familia kubwa ikae pamoja: babu, bibi, wajomba, sisi wajukuu. Picha nzuri sana ya kuwekea kalenda.

Lakini hebu iangalie tena. Kwa nini kila chumba kina mlango wake unaofungukia ukumbini na hakuna chumba kinachopitia chumba kingine? Kwa nini vyumba vyote vinalingana, hakuna kikubwa cha baba na kidogo cha watoto? Kwa sababu kila chumba kinaweza kupangishwa peke yake. Mwenye nyumba anakaa kimoja, vingine vinamlipa. Hii ni nyumba ya biashara, jamani, tangu siku ya kwanza!

Na mji wenyewe ndio ulioitaka iwe hivyo. Wajerumani walihamishia makao makuu yao Dar es Salaam mwaka 1891, na mapema kabisa wakaweka kanuni za kuamua jengo la aina gani lijengwe upande gani. Waingereza wakaendeleza mtindo huo kwa kanda tatu. Kwenye karatasi kanda hizo zilizungumzia ubora wa majengo, hazikutaja rangi ya mtu. Mtaani watu walizielewa vizuri zaidi kuliko karatasi, wakaziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kariakoo, ambayo jina lake limetokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita ya Kwanza, ndiyo ikawa Uswahilini yenyewe. Aliyekuja kutafuta kazi bandarini hakuwa na benki ya kumkopesha wala mwajiri wa kumjengea. Alipanga chumba. Aliyemtangulia mjini akajenga vyumba.

Baada ya Vita ya Pili mji ukafurika. Sensa ya 1948 ilihesabu watu 69,227. Ya 1957 ikahesabu 128,742. Serikali ya kikoloni ikapima viwanja vya Waafrika nje ya Kariakoo, na hapo ndipo Ilala, Magomeni na Temeke zikapanuka kwa mistari ile iliyonyooka tunayoiona mpaka leo, pamoja na zile nyumba za serikali za kupangisha zilizoitwa kota. Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipoacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955, alikuja kukaa Magomeni, na nyumba yake sasa ni makumbusho. Kama hujafika nenda, ni nyumba ya kawaida ya mtaani.

Babu alinunua kiwanja Temeke baada ya Uhuru. Alikuwa kuli bandarini. Bibi alipoletwa pale kutoka Rufiji kama bi harusi, mwaka 1966, nyumba ilikuwa ya miti, fito na udongo, juu makuti. Vyumba viwili tu vilikuwa vimekamilika, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa na mpangaji! Bibi anacheka mpaka leo akisimulia. Anasema kodi ya mpangaji yule ndiyo iliyosimamisha chumba cha tatu, na cha tatu kikasimamisha cha nne. Mwaka huo huo wa 1966 kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza kazi, na miaka iliyofuata watu wakaanza kubadilisha udongo kwa tofali za saruji, si nyumba nzima kwa mpigo, bali chumba hiki leo, kile mwakani. Babu alianza na vya mbele, kwa sababu vya mbele ndivyo vinavyoonekana.

Serikali nayo ilikuwa na mpango wake. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, likabomoa nyumba nyingi za udongo na makuti na kujenga mpya za tofali na bati, Magomeni zikiwemo. Kinachonifurahisha ni kwamba hata nyumba hizo mpya zilifuata ramani ile ile ya ukumbi katikati na vyumba pembeni. Wataalamu walikaa na karatasi zao wakarudi palepale alipokuwa babu yangu, ambaye hakusoma hata darasa la nne. Baadaye mpango huo ukaonekana ghali, na katika miaka ya 1970 sera ikageuka: kwa mkopo wa Benki ya Dunia vikapimwa viwanja na kupelekwa huduma, watu wajenge wenyewe. Sinza na Kijitonyama zilitoka humo, na Manzese ikaboreshwa badala ya kubomolewa. Awamu iliyofuata ikagusa Tandika na Mtoni huku kwetu.

Sasa kuna kipande ambacho darasani tunakipita haraka. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000. Nikamuuliza bibi, hamkuogopa? Nyie si mlikuwa wenye nyumba? Akaniangalia kama mtu aliyeuliza kama samaki anaogopa mvua. Babu hakuwa kiongozi wa chochote, na nyumba ya vyumba sita Temeke haikufika bei hiyo hata ungeiuza pamoja na wapangaji wake. Udogo wake ulikuwa ngao. Wenye maghorofa mjini waliyapoteza. Babu akaendelea kukusanya kodi chumba kwa chumba.

Haya, turudi kwenye fremu.

Wiki iliyopita fundi alikuja kuanza. Nilikuwepo, nimeshika simu nipige picha za ushahidi kwa ajili ya historia, huku nimenuna. Akagonga lipu chini ya dirisha la bibi. Likadondoka pande kubwa, na nyuma yake tofali zikaonekana za aina mbili. Pembeni zile nzito za zamani, katikati nyingine, zimepangwa ovyo ovyo. Fundi akapandisha nyundo juu, akakuta lenta ndefu, ndefu kupita dirisha, inavuka karibu ukuta mzima. Akageuka akasema, "Mama, hapa palikuwa na mlango mkubwa."

Bibi, amekaa kwenye kigoda chake, akasema bila hata kuinua kichwa, "Si duka."

Duka! Miaka yote hiyo sijawahi kuambiwa. Babu alipojenga chumba kile kwa tofali alikijenga kiwe duka toka mwanzo, akampangisha Mwarabu mmoja aliyeuza sukari, mafuta ya taa, unga, viberiti, khanga chache zimetundikwa mlangoni. Kodi ya duka ilikuwa kubwa kuliko ya vyumba viwili vya ndani. Kisha ukaja mwaka 1976 na ile Operesheni Maduka, ambapo maduka ya watu binafsi yalitakiwa kufungwa, nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika. Operesheni haikudumu, kwa sababu ya ushirika hayakutosha na bidhaa zilikosekana. Lakini Mwarabu wa babu alishafunga na kuondoka. Babu akaziba mlango, akaacha dirisha, na bibi akahamia humo na watoto wadogo. Mama yangu alikuwa mmoja wao.

Yaani mimi nilikuwa nalinda chumba cha bibi kama mambo ya kale, kumbe nalinda kiraka cha mwaka 1976.

Nikakaa naye mpaka jioni anieleze yaliyofuata, na hapa sikuhitaji maktaba. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 hali ilikuwa mbaya. Sabuni kwa foleni, sukari kwa mjumbe wa nyumba kumi. Mwaka 1983 ikaja vita ya Sokoine dhidi ya wahujumu uchumi, na bibi anakumbuka watu wakitupa bidhaa mitaroni usiku ili wasikutwe nazo. Mwaka uliofuata serikali ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni alete bidhaa, halafu Mzee Mwinyi akaingia mwaka 1985 na watu wakampa jina la Mzee Ruksa. Mshahara ulikuwa haumalizi wiki. Hapo ndipo vibaraza vyote vya mtaa vikaamka: huyu vitumbua, yule mihogo, mwingine genge la nyanya na mkaa wa mafungu. Bibi alikaanga maandazi kwenye kibaraza hicho hicho, chini ya dirisha la duka lililozibwa. Hayo maandazi ndiyo yaliyomsomesha mama. Kisha vibaraza vikaanza kuzungushiwa ukuta, na leo ukipita mtaa ule nyumba nyingi hazina uso tena. Zina fremu mbili au tatu: saluni, wakala wa pesa za simu, duka la Mangi. Ukumbi umebanwa katikati kama uchochoro.

Hilo la uso ndilo ambalo bado linanisumbua, sitadanganya. Kibaraza kikienda, wazee wanaenda nacho uani. Bibi anajua nani amefiwa, nani ameoa, mtoto wa nani ametoroka shule, kwa sababu dirisha lake linaangalia barabara. Chumba cha nyuma kinaangalia choo. Nyumba itabaki imesimama, ila yeye hatauona mtaa.

Na njia nyingine ni ipi? Nilimtajia mjomba Magomeni Kota. Pale kaya 644 zilihamishwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, nyumba zikabomolewa, pakakaa pori katikati ya mji. Mwaka 2016 Rais Magufuli akaahidi watajengewa, na Machi 2022 Rais Samia akazindua maghorofa. Ni mazuri, nimeyaona. Lakini mjomba akaniuliza swali moja: kwenye ghorofa la sita bibi yako atatoboa ukuta gani akiishiwa? Sikuwa na jibu. Ile nyumba imepita kwenye azimio, operesheni, foleni na ruksa kwa kubadilisha chumba kimoja kimoja, na kila mara kilichotangulia kubadilishwa ni cha mbele.

Sijakubaliana na mjomba kwa kila kitu. Nimegombana naye juu ya choo, maana kama mtu anahamishiwa nyuma basi nyuma pakarabatiwe kwanza, na hilo limepita. Ada nitaipokea. Nilimwambia bibi nitairudisha nikianza kazi, akasema nianze kwanza hiyo kazi.

Jumamosi nahamisha kitanda, kile cha chuma, kizito balaa, mwenye nguvu za bure anitafute. Bibi amemwagiza fundi aache nafasi ya kigoda upande wa ndani wa mlango wa fremu, pale pale kwenye lenta ya babu, kwa sababu mchana atakuwa anakaa dukani. Mpangaji bado hajaambiwa.