Jenerali ana nyumba Nyeri, askari wa Burma ana soko

Ukishuka matatu Barabara ya Jogoo jijini Nairobi, karibu na City Stadium, na kuuliza Burma ni wapi, hakuna atakayekuelekeza Asia. Utaonyeshwa mabucha, mapaja ya ng'ombe yakining'inia, matumbo kwenye makarai na vijana wanaokuita kila mmoja kwenye meza yake. Wenyeji wa Kaloleni na Shauri Moyo husimulia kwamba jina hilo lililetwa na askari waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia. Ng'ambo ya Mto Nairobi, Kariokor ilipata lake kwa wapagazi (Carrier Corps) wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Eastlands basi imeweka kumbukumbu ya vita vyote viwili sokoni, kati ya nyama na vyondo.

Hao waliokwenda Burma walikuwa wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye beji ya kifaru. Mwaka 1944, katikati ya mvua za monsuni, waliwafukuza Wajapani kupitia Bonde la Kabaw, mahali ambapo malaria na tope viliwasumbua sawa na risasi. Desemba walifika Kalewa, na hapo likajengwa daraja la chuma la zaidi ya futi 1,100 kuvuka Mto Chindwin.

Wapo ambao hawakuona hata pwani ya Asia. Tarehe 12 Februari mwaka huohuo, meli Khedive Ismail ilikuwa imetoka Mombasa ikielekea Colombo pale nyambizi ya Kijapani ilipoitoboa karibu na Maldivi. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu karibu 1,300, na wengi wao walikuwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Sijui Mkenya mmoja kati ya mia aliyefundishwa habari hiyo shuleni.

Linganisha na Nyeri. Kwenye viwanja vya hoteli ya Outspan kuna nyumba ndogo iitwayo Paxtu, iliyojengwa mwaka 1938 kwa ajili ya Jenerali Robert Baden-Powell, shujaa wa Waingereza kule Mafeking na mwanzilishi wa skauti. Mwenye hoteli, Eric Sherbrooke Walker, aliwahi kuwa katibu wake. Jenerali alifariki humo Januari 1941, akazikwa mjini Nyeri, na majivu ya mkewe Olave yakaletwa hapohapo baadaye. Leo nyumba ni makumbusho: picha za familia ukutani, skafu na beji za maskauti waliokuja kuhiji kutoka pande zote za dunia.

Mpangaji aliyefuata ndiye anayenivutia zaidi. Jim Corbett, mwindaji wa chui na simbamarara wa India, alihamia Paxtu na dada yake baada ya India kupata uhuru mwaka 1947. Miaka michache kabla yake, akiwa luteni kanali, alikuwa akiwafundisha wanajeshi namna ya kuishi msituni kabla hawajapelekwa Burma. Mwalimu wa vita vile ana chumba chake Nyeri, na askari waliopigana?

Mmoja wao alikuwa jirani. Waruhiu Itote, mzaliwa wa Nyeri, alijiunga na King's African Rifles mwaka 1942 na kupigana upande wa Kalewa. Aliporudi alifanya kazi reli, kisha akaingia msituni chini ya Mlima Kenya kupigana na wakoloni akiitwa Jenerali China, na ujuzi wa Burma ukawageukia waliomfundisha. Alikamatwa Januari 1954. Kumbukumbu zake alizitoa kitabuni mwaka 1967, kwa hiyo tunaweza kumsoma.

Wenzake wengi hawakuandika. Walichoacha ni kitabu cha kuachishwa jeshi, nishani ya Burma Star, picha moja ya studio na barua zilizosomwa hadi zikachanika, vyote ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha bibi. Mafaili ya serikali ya kikoloni yapo katika Hifadhi ya Taifa, Moi Avenue, lakini mara nyingi faili la serikali humtaja askari kwa namba yake, na mkewe halimtaji. Picha na barua za familia ndizo zinazomtaja mke. Ukumbi wa jamii wa Kaloleni, uliowahi kujaa wanasiasa wa chama cha Kenya African Union (KAU), hauko mbali na soko. Chumba kimoja humo, chenye kabati la kufungwa na mashine ya kunakili, kingetosha kuanza kuhifadhi picha na barua hizo, maana wajukuu wa askari hao bado wapo mitaa ya jirani, na wengine hununua nyama Burma kila Jumamosi.