Usalama wa hospitali si bunduki ya mlinzi pekee: Marekani na wanajeshi wake wastaafu

Waswahili husema ajali haina kinga. Mimi naukubali msemo huu nusu. Tetemeko la ardhi kweli halizuiliki, lakini hospitali kuwaporomokea wagonjwa wake ni jambo linaloweza kuzuilika. Nimechagua mfano wa Marekani kwa sababu idara yake ya wanajeshi wastaafu, VA, huendesha hospitali takriban 170 na zahanati zaidi ya 1,000, na imejifunza somo hili kwa gharama kubwa.

Jengo lenyewe

Asubuhi ya tarehe 9 Februari 1971, tetemeko lilipiga eneo la San Fernando, California. Katika hospitali ya VA ya Sylmar, majengo ya miaka ya 1920 yaliporomoka na watu zaidi ya 40 wakafariki. Yalikuwa yamejengwa kabla ya kuwepo kanuni za kukabili mitetemeko. Baada ya msiba huo, VA iliweka masharti mapya ya ujenzi, na California nayo ikatunga sheria ya hospitali zake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wao walijenga ukuta, na waliozikwa chini yake hawakurudi.

Umeme na kumbukumbu

Agosti 2005, kimbunga Katrina kiliizamisha New Orleans. Hospitali ya VA ilizingirwa na maji, ikabidi wagonjwa zaidi ya 200 wahamishwe. Jambo moja liliwaokoa wengi baadaye: kumbukumbu za matibabu za VA zilikuwa kwenye kompyuta, na nakala zikapelekwa Houston. Mstaafu aliyekimbilia mji mwingine alikuta daktari anajua dawa anazotumia. Wagonjwa wengi wa hospitali nyingine, ambao faili zao zilikuwa za karatasi, walipoteza historia yao yote majini.

Hospitali mpya iliyoanza kufunguliwa 2016 ilisanifiwa kwa somo hilo: mitambo na huduma muhimu ziko juu, angalau futi 20 kupita kiwango cha mafuriko. Mwaka 2012, kimbunga Sandy kilipokaribia New York, hospitali ya VA ya Manhattan iliwahamisha wagonjwa kabla maji hayajafika. Huko ndiko kujitayarisha.

Mlangoni na ndani

VA ina polisi wake wenyewe. Kazi yao si nyepesi, kwani baadhi ya wanaoingia wanabeba majeraha ya vita yasiyoonekana. Askari hapo ahitaji kujua kutuliza mtu kabla ya kufikiria kumkamata. Hata hivyo, Januari 2018, GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilisema kuwa sera za VA za kupima hatari hazikufikia kikamilifu viwango vya serikali, na usimamizi kutoka makao makuu ulikuwa dhaifu.

Hatari nyingine haipiti langoni kwa fujo, huvaa sare. Huko Clarksburg, West Virginia, mhudumu wa wodi aliwaua wagonjwa kwa kuwadunga insulini wasiyoandikiwa. Alihukumiwa mwaka 2021 vifungo saba vya maisha. Ilibainika kuwa dawa hiyo haikufungiwa ipasavyo na wodi haikuwa na kamera. Kufuli la kabati lingefanya kazi ambayo bunduki ya mlangoni haikuweza.

Maswali ya kuuliza

Kwa maoni yangu, hospitali yoyote, iwe ya wastaafu au ya raia, iwe Marekani au hapa kwetu Pwani, yapasa kujibu haya: Jenereta iko wapi maji yakipanda? Nakala ya faili za wagonjwa imehifadhiwa wapi? Nani ana ufunguo wa dawa za hatari? Wafanyakazi walifanya lini zoezi la mwisho la kuwatoa wagonjwa wasioweza kutembea? Wewe na mimi tuna haki ya kuuliza tungali wazima, maana mgonjwa aliyelala kitandani hawezi kukimbia.