Hati zimelowa mafuriko? Usianike juani, fanya hivi

Maji yakiingia ndani usiku, watu huwahi watoto, godoro na TV. Bahasha yenye hati ya kiwanja, vyeti vya shule na picha za marehemu hukumbukwa asubuhi, ikiwa imeshalowa chapachapa.

Usiitupe. Karatasi iliyolowa huokoka, ila muda ni mfupi: ukungu unaweza kuanza kuota ndani ya saa 48, na joto la pwani huuharakisha.

Anza hivi

• Usibandue kwa nguvu karatasi zilizogandana. Ikilowa, karatasi huchanika kama mkate uliochovywa kwenye chai.

• Tope usilisugue. Liache likauke, kisha lipanguse taratibu kwa brashi laini.

• Tandaza karatasi mojamoja kivulini, juu ya kitambaa safi. Fungua madirisha, washa feni, lakini isizipulize moja kwa moja.

• Picha zilizosafishwa studio zamani zioshe kwa maji safi ya baridi, kisha zilaze sura ikiwa juu. Zikikaukia zikiwa zimeshikana, kuzitenganisha ni kazi.

• Ni nyingi mno? Zifunge mafungu madogo kwenye mifuko ya plastiki, weka kwenye friza. Baridi kali husimamisha ukungu, nawe utazikausha kidogokidogo. Picha za vioo na filamu usiziweke humo.

Usithubutu

Jua kali hufifisha wino na kukunja karatasi. Selotepu huacha gundi inayogeuka njano. Leminesheni ndiyo mbaya zaidi: hubana unyevu ndani, na kuitoa bila kuharibu hati ni vigumu mno.

Florence walijifunza hivyo

Novemba 4, 1966, mto Arno ulifurika mjini Florence, Italia, na kuzamisha sehemu ya Maktaba Kuu ya Taifa. Vijana kutoka nchi mbalimbali walipokezana vitabu mkono kwa mkono kuvitoa kwenye matope. Vingine vilikaushiwa kwenye mabanda ya kukaushia tumbaku. Kazi ya kuvitengeneza iliendelea kwa miongo kadhaa.

Kabla ya masika

Piga picha kila hati na uihifadhi nje ya simu pia. Hati zenyewe zifunge kwenye mfuko usiopitisha maji, uziweke juu kabatini. Chini ya godoro ndipo maji na mchwa hufika kwanza.