Nyumba ya Mwoka Mikate katika Mji wa Dhahabu

Mji wa Barberton umo katika jimbo la Mpumalanga, Afrika ya Kusini, chini ya milima ya Makhonjwa. Ulianzishwa mwaka 1884, baada ya Graham Barber na jamaa zake kuvumbua mwamba wenye dhahabu. Mwaka uliofuata Edwin Bray alivumbua mwamba wa Sheba, na watu wakamiminika kutoka kila upande. Lakini mwaka 1886 dhahabu nyingi zaidi ilipatikana Witwatersrand, na haukupita muda mrefu wengi wa waliokuja mbio wakaondoka mbio.

Miongoni mwa waliobaki alikuwa James Stopforth, mwoka mikate na mwenye duka. Nyumba aliyoijenga mwaka 1886, akaijenga upya mwaka 1892, imehifadhiwa kama makumbusho. Jamaa zake waliishi humo hata mwaka 1983.

Mgeni atazamiaye fahari ya dhahabu haioni hapo. Kuta ni za mbao na mabati, na sababu yake yaeleweka. Reli baina ya Delagoa Bay na Pretoria haikukamilika hata miaka ya 1890. Kabla ya hapo vifaa vilichukuliwa kwa magari ya ng'ombe. Bati lilikuwa jepesi kuliko tofali, tena nyumba ya bati yaweza kufunguliwa na kusimamishwa penginepo. Ilimfaa mtu asiyejua kama mji utadumu. Kwa hiyo kule kujenga upya mwaka 1892, wakati wengi walipokwisha kuhama, ni ushahidi wenye uzito. Wachimbaji waliufuata mwamba; lakini palibaki watu wa kutosha kununua mkate, na mwoka mikate aliona yafaa kukaa.

Hata hivyo ushahidi huo ni wa upande mmoja. Nyumba ya mwenye duka haiwezi kueleza maisha ya Waafrika walioufanyia kazi mwamba chini ya ardhi, wala ya wenyeji waliokaa katika milima hiyo kabla dhahabu haijavumbuliwa. Habari zao hazina budi kutafutwa katika hati za migodi na masimulizi ya wazee. Nyumba iliyohifadhiwa ni shahidi, na kama shahidi mwingine yeyote, yafaa kwanza iulizwe ilisimama wapi na kutoka hapo iliweza kuona nini.